Kivuli cha Mfupa

Video iliingia saa sita kasoro usiku. Wifi yangu hakuweka salamu wala "umelala?", alituma video yenyewe na maneno manne chini yake: "Wifi, hii ni kweli?"

Nikaifungua sauti ikiwa chini. Mtu amelala mdomoni mwa mashine ya MRI, kichwa kimenyolewa kipara, kimevikwa kitu kama kofia ya pikipiki iliyojaa maji. Msimulizi anasema saratani ya ubongo sasa inatibiwa kwa mwanga na kwa sauti, hakuna kisu, hakuna kushonwa. Muziki unapanda. Mwishoni mgonjwa anapewa kalamu, anachora mstari unaojizungusha kama gamba la konokono, anautazama, anacheka huku machozi yakimtoka. Dakika mbili na nusu jumla.

Kazi yangu ni ultrasaundi, kupiga picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Huu ni mwaka wa kumi na nne nashika probu, kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi, napaka watu jeli ya baridi tumboni na kuwaambia vuta pumzi, shikilia, achia. Kwa ajili hiyo kwenye ukoo wetu mimi ndiye fundi wa mashine zote za hospitali, hata zile ambazo sijawahi kuzigusa. Na kaka yangu, marehemu sasa, wakati ule alikuwa na wiki ya tatu tangu apasuliwe kichwa. Majibu ya maabara tulikuwa nayo tayari: glioblastoma, saratani ya ubongo ya daraja la 4, lililo la juu kabisa.

Niliandika "hapana", nikafuta. Nikaandika "ndiyo, ila", nikafuta hilo nalo. Mchana wake wifi alikuwa ametaja kuuza kiwanja, na mtu aliyefikia kutaja kiwanja hajibiwi kwa neno moja. Nikamwambia tulale, kesho tutaongea. Yeye sijui kama alilala. Mimi niliwasha kompyuta.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana usipoujua huwezi kuona mwanga na sauti vinatafuta nini humo. Seli za glioblastoma zinauawa. Mionzi inaziua, dawa zinaziua, na kwenye kisahani cha maabara zinakufa kwa vitu vingi mno. Shida ni mahali zilipojificha. Mwaga chumvi juu ya sinia la unga, halafu tikisa sinia kidogo. Katikati utaona kichuguu, utakichota kwa kijiko na kusema umemaliza. Sasa onja unga wa pembeni. Ndivyo uvimbe huu ulivyo: picha ya MRI inakuonyesha kichuguu, lakini seli zimeshatambaa kufuata nyuzi za ubongo na mishipa ya damu, zimeingia katikati ya seli nzima ambazo mtu anazihitaji ili aseme, atembee, amkumbuke mkewe. Mwaka 1928 daktari wa upasuaji Walter Dandy, wa Baltimore kule Marekani, aliripoti wagonjwa aliowaondolea nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia, kwa ajili ya uvimbe wa jamii hii. Nusu nzima! Na bado ugonjwa haukuisha.

Kinachotumika leo karibu kila mahali ni utaratibu uliothibitishwa mwaka 2005 katika jaribio lililoongozwa na Roger Stupp: upasuaji, kisha mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi. Wagonjwa waliopata mionzi peke yake, nusu yao walivuka miezi 12.1. Walioongezewa vidonge, nusu yao walivuka miezi 14.6. Baada ya miaka miwili walikuwa hai asilimia 26.5, dhidi ya 10.4. Hayo ndiyo maendeleo makubwa, na nilipoyasoma usiku ule nilizima skrini nikakaa gizani kwa muda.

Daktari aliyempasua kaka alikuwa mtu mstaarabu, na baada ya upasuaji alituambia sentensi ambayo siku ile niliisikia kama habari njema: "Nimetoa chote nilichokiona." Ni usiku ule wa video ndipo neno la mwisho lilipoanza kunisumbua.

Chini ya taa nyeupe ya chumba cha upasuaji, kingo za uvimbe na ubongo mzima vinafanana kwa rangi, na hata kwa ulaini mara nyingine. Hapo ndipo mwanga ulipopata kazi yake ya kwanza ya maana, na kazi hiyo haikuwa kuua. Ilikuwa kuonyesha.

Kuna kitu kinaitwa 5-ALA. Mwili wenyewe hukitengeneza kila siku, ni malighafi ya mwanzo kabisa katika safari ndefu ya kuunda hemu, ile sehemu inayobeba madini ya chuma ndani ya damu na kuipa wekundu wake. Mgonjwa akinyweshwa 5-ALA nyingi kwa mpigo, seli za uvimbe zinaidaka na kuanza kuifanyia kazi hatua kwa hatua, lakini hatua ya mwisho, ya kutia chuma, kwao inasuasua. Kwa hiyo bidhaa ya hatua ya kabla ya mwisho inarundikana, kama magunia kwenye ghala ambalo lori halijafika. Bidhaa hiyo ni protoporfirini, nayo ina tabia moja: ukiimulika kwa mwanga wa bluu unaoelekea zambarau, wa nanomita 400 hivi, inawaka nyekundu.

Kwa vitendo ni jambo la ajabu kwa wepesi wake. Unga unayeyushwa katika maji ya kunywa, mililita 50, kiasi kinachoweza kukaa kwenye kikombe cha kahawa. Kipimo ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa anakunywa, zinapita saa tatu hivi, analazwa usingizi, anapasuliwa. Daktari anachota uvimbe kama kawaida, kisha anaomba taa zizimwe na hadubini igeuzwe rangi. Ubongo wote unakuwa bluu ya usiku, na pale ambapo dakika moja iliyopita palionekana pasafi, panawaka waridi kama kaa lililofunikwa jivu. Baada ya kuamka, mgonjwa anakaa siku nzima mbali na jua na taa kali, kwa sababu ngozi nayo imeonja dawa.

Walter Stummer na wenzake nchini Ujerumani walilipima jambo hili kwa wagonjwa 322 na kuchapisha mwaka 2006. Waliopasuliwa kwa msaada wa mng'ao huo, asilimia 65 walitolewa uvimbe wote unaoonekana kwenye MRI. Kwa taa nyeupe peke yake walikuwa 36. Miezi sita baadaye, ambao ugonjwa ulikuwa haujasonga mbele walikuwa asilimia 41 dhidi ya 21. Muda wa kuishi kwa jumla haukutofautiana kwa namna ya kujivunia, na jaribio lenyewe halikupangwa kujibu swali hilo. Ulaya iliruhusu 5-ALA mwaka 2007. Marekani ilichukua miaka kumi zaidi, hadi 2017. Mimi sina ugomvi na tahadhari, lakini miaka kumi kwa kikombe cha maji machungu ni mingi.

Kaka yeye alipasuliwa kwa taa nyeupe. Simlaumu mtu. Chote alichokiona alikitoa.

Sasa, kama mwanga unaweza kuiwasha hiyo protoporfirini, je, hauwezi kuitumia kuua? Unaweza, na wazo hili ni la zamani kuliko penisilini. Mwaka 1900 mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, Oscar Raab, alichapisha jambo alilokutana nalo akipima rangi iitwayo akridini kwa vidudu vya majini. Rangi ile ile, kipimo kile kile, lakini siku nyingine vidudu vinakufa haraka na siku nyingine vinachelewa. Kilichokuwa kinabadilika ni mwanga wa chumbani. Rangi peke yake haikuwa na makali, mwanga peke yake haukuwa na makali. Vikikutana penye oksijeni, vinazaa aina ya oksijeni yenye hasira inayochoma kila kilicho karibu nayo. Mwaka 1912 daktari mwingine wa Ujerumani, Friedrich Meyer-Betz, aliamua kujidunga mwenyewe hematoporfirini, ndugu yake protoporfirini, miligramu 200, halafu akaenda juani. Alivimba uso, na ngozi yake iligoma kupatana na jua kwa miezi. Kila nikisoma habari za watafiti wa enzi hizo nashangaa tulivyofika hapa tukiwa wazima.

Japani ndiyo iliyolipeleka jambo hili mbali zaidi kwa ubongo. Mwaka 2013 iliruhusu rasmi dawa iitwayo talaporfini itumike kwa uvimbe mbaya wa ubongo. Mgonjwa anadungwa siku moja kabla. Siku ya pili uvimbe unatolewa, kisha daktari anautazama ukuta wa shimo lililobaki, anachagua mahali panapotia shaka, anapamulika kwa leza nyekundu ya nanomita 664, duara la sentimita moja na nusu, dakika tatu. Anahamia duara jingine. Anaendelea hivyo kama mtu anayepiga pasi kola. Jaribio lililowasaidia kupata kibali lilikuwa na matokeo mazuri, lakini lilihesabu wagonjwa 22 tu, bila kundi la kulinganisha. Kule Lille, Ufaransa, wamejaribu kwa 5-ALA na kifaa chenye puto linalojazwa ndani ya shimo ili mwanga uenee sawasawa pande zote. Wagonjwa kumi wa mwanzo.

Kwa nini nyekundu? Zima taa chumbani, washa tochi ya simu, ibane kwa vidole. Tochi ni nyeupe, ina rangi zote ndani yake, lakini upande wa pili wa kidole inatoka nyekundu peke yake. Bluu na kijani zimemezwa na damu njiani. Nilimwonyesha wifi hivi kesho yake, jikoni, saa mbili usiku, na mtoto wao mdogo akataka kujaribu na shavu lake. Halafu nikamwambia ajaribu kiganja, pale penye nyama. Akabana, akabana tena. Karibu giza.

"Kwa hiyo mwanga hauendi mbali," akasema.

Hauendi mbali. Hata huo mwekundu, ndani ya ubongo unafanya kazi ya maana kwa milimita kadhaa, ukibahatika karibu sentimita moja. Unga wenye chumvi uko mbali zaidi ya hapo. Ndiyo maana wengine huchoma uvimbe kwa njia nyingine kabisa: wanatoboa tundu dogo fuvuni, wanapitisha uzi wa kioo wenye leza hadi katikati ya uvimbe, wanaupika kwa joto huku MRI ikisoma halijoto. Inafaa kwa uvimbe uliojificha mahali kisu hakifiki. Lakini huo ni moto, na moto haujui kuchagua seli.

Nirudi kwenye sauti, nyumbani kwangu.

Anayefanya kazi yangu ana maadui wawili: hewa na mfupa. Hewa ndiyo sababu ya jeli. Pengo dogo kama unywele kati ya probu na ngozi linatosha kuzima picha. Mfupa hauna jeli yake. Jiwe la nyongo tunalitambua kwa kivuli: doa jeupe linalong'aa, na nyuma yake mkia mweusi kabisa, kwa sababu sauti imegota na haikupita. Ubavu ni hivyo hivyo. Fuvu ni baya zaidi, maana ni mbao mbili za mfupa mgumu zilizobana katikati yake kitu kama sifongo, na unene wake haulingani popote. Linarudisha sauti, linainyonya, na ile kidogo inayopenya linaipinda hovyo. Kwa mtoto mchanga tunapitia utosini kabla haujafunga, na ubongo unaonekana mzuri mpaka unatamani kuwaita wenzako waje waone. Utosi ukishafunga, basi.

Daktari wa Austria, Karl Dussik, alijaribu hata hivyo. Mwaka 1942 alichapisha kazi yake ya kuupiga ubongo picha kwa mawimbi ya sauti, akiamini anaziona zile nafasi za maji zilizo katikati. Miaka ya baadaye ikabainika kwamba sehemu kubwa ya alichokiona ni fuvu lenyewe likimchezea. Namhurumia sana huyu mzee. Hakuna mtu wa ultrasaundi ambaye hajawahi kukitazama kivuli akakipa jina.

Miaka ya 1950, ndugu wawili, William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois, walitaka kutumia sauti kuunguza doa dogo ndani ya ubongo, na waliweza. Sharti lilikuwa moja: kwanza ukate kipande cha fuvu. Yaani utibiwe bila kisu baada ya kupigwa kisu.

Kilichobadilisha mambo ni hesabu. Fuvu la mgonjwa linapigwa picha ya CT, na kompyuta inajua unene wake kila mahali. Kofia ile ya pikipiki kwenye video ina vitoa sauti 1,024. Kila kimoja kinapiga wimbi dhaifu, na kila kimoja kinaambiwa kichelewe kwa kiasi chake, kulingana na mfupa ulio mbele yake. Fikiria watu elfu moja wanaotoka nyumba tofauti, wengine njia ya lami, wengine tope, wengine mlima, na kila mmoja ameambiwa saa yake ya kuondoka ili wote wabishe hodi mlango mmoja kwa sekunde moja. Njiani hakuna anayesikia kitu. Mlangoni kunatikisika. Maji ndani ya kofia yametolewa hewa na yanapoza fuvu, kwa sababu mfupa unaonyonya sauti unapata moto. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilicheka peke yangu: maji yale ni jeli, jeli tu, ila ya gharama.

Halafu nikairudia video kwa mara ya tatu, na safari hii nikamtazama mgonjwa badala ya mashine. Ule mstari wa konokono. Kwenye sehemu ya mwanzo, iliyopita haraka, alikuwa ameuchora vilevile na ulikuwa umejaa mikwaruzo. Hicho ni kipimo cha kutetemeka mikono. Mtu yule hakuwa na saratani. Alikuwa na maradhi ya kutetemeka, ambayo mashine hii iliruhusiwa Marekani kuyatibu mwaka 2016, kwa kuunguza doa dogo sana katikati ya ubongo. Machozi yake ni ya kweli na tiba yake ni ya kweli. Msimulizi ndiye aliyemwazima ugonjwa wa kaka yangu.

Kuunguza glioblastoma kwa njia hiyo kumejaribiwa. Mwaka 2014 wataalamu wa Zurich waliripoti mgonjwa mmoja ambaye sehemu ya uvimbe wake uliorudi iliunguzwa kupitia fuvu, bila kupasuliwa. Ni hatua. Lakini kofia inafanya kazi vizuri katikati ya kichwa na vibaya karibu na mfupa, na hata ingefika kila kona, tungekuwa tumerudi kwenye kichuguu na kijiko.

Ninachokiamini mimi kiko kwingine, na hakiunguzi chochote.

Mwaka 1885 Paul Ehrlich alieleza jinsi rangi alizowadunga wanyama zilivyopaka karibu kila kiungo isipokuwa ubongo. Yeye alidhani ubongo hauipendi rangi. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, mwaka 1913 aliipindua: akaitia rangi moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka ubongo, na safari hii ubongo ukapakika na mwili mwingine ukabaki mweupe. Kumbe kuna ukuta. Mishipa midogo ya damu ya ubongo imeshonwa tofauti na ya mahali pengine: seli za kuta zake zimekazana bega kwa bega, hazina nafasi ya kupenya. Ukuta huo unatulinda na sumu na vijidudu kila siku ya maisha yetu. Unazuia pia dawa nyingi za saratani. Uvimbe wenyewe, kule katikati, umeubomoa ukuta kwa fujo zake. Pembeni, kwenye unga wenye chumvi, ukuta bado umesimama imara, na seli mbaya zinaishi nyuma yake kama wapangaji wasiodaiwa kodi.

Kwa muda mrefu kabinetini kumekuwa na dawa zinazoua seli hizi maabara na kushindwa kwa mgonjwa kwa sababu hiyo tu.

Basi kuna viputo. Ni gesi iliyofungwa ndani ya utando wa mafuta, vidogo kama chembe nyekundu za damu au chini ya hapo, na katika kazi yetu si vigeni: hudungwa mshipani ili moyo uonekane vizuri, na kwenye skrini huingia kama moshi mweupe. Kullervo Hynynen na wenzake mwaka 2001 walionyesha kwa sungura kwamba ukivipeleka viputo hivyo ubongoni na kuvipiga kwa sauti ya nguvu ndogo, ukuta unafunguka pale tu ulipolenga. Hakuna kuchoma. Kiputo kinavimba na kunywea pamoja na wimbi, maelfu kwa maelfu ya mara ndani ya sekunde, kikiusukumasukuma ukuta wa mshipa kutoka ndani mpaka mishono inalegea. Sauti ikinyamaza, mishono inajirudi. Ukizidisha nguvu, kiputo kinapasuka vibaya na kuleta damu, kwa hiyo mashine nzuri zinasikiliza mwangwi wa viputo vyenyewe na kujipunguza. Hilo lilinigusa kwa namna ambayo mtu asiye wa fani anaweza asielewe. Mashine inayosikiliza ili ijue ipige kwa nguvu gani!

Mwaka 2015, Toronto, katika hospitali ya Sunnybrook, kwa mara ya kwanza ukuta ulifunguliwa hivyo kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo, kupitia fuvu zima. Paris walichukua njia ya mkato ambayo kwangu ni ya busara: Alexandre Carpentier na wenzake walisema, kwa kuwa mfupa ndio kikwazo na mgonjwa anapasuliwa vyovyote vile, tuweke kitoa sauti mahali pa mfupa, chini ya ngozi, kikae humo. Siku ya dawa unapitisha sindano kwenye ngozi, unakiunganisha na umeme, dakika chache, unamaliza.

Chicago, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, walitumia kifaa hicho kilichofikisha vitoa sauti tisa. Wagonjwa 17 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia walipewa paklitakseli, dawa ya siku nyingi ya saratani ya matiti na nyinginezo, ambayo kwa kawaida haivuki ukuta ule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Kwa baadhi yao walichukua vipande vya ubongo wakati wa upasuaji na kupima: pale palipopigwa sauti, dawa ilikuwa karibu mara nne zaidi ya palipoachwa, na dawa nyingine waliyoipima pia, karboplatini, karibu mara sita. Na ukuta ulianza kujifunga ndani ya saa moja. Mgonjwa anakuwa macho wakati wote, sauti inapigwa dakika nne hivi, na maumivu ya kichwa yanayopita yalikuwepo.

Usome kwa makini lakini. Jaribio hilo lilitaka kujua kama ni salama na kama dawa inafika. Imefika. Kufika si kupona, na jaribio la watu 17 halikuundwa kusema nani ataishi zaidi. Hata hivyo, katika yote niliyoyasoma, hili ndilo lililonifanya niamke nikatembee chumbani, kwa sababu halitegemei dawa ya miujiza. Linategemea dawa zilizopo, ambazo tatizo lao lilikuwa mlango.

Kuna wanaotaka kuunganisha vyote viwili: mgonjwa anywe 5-ALA, halafu badala ya mwanga apigwe sauti, kwa kuwa sauti inafika kina ambacho mwanga hauoti hata kukifikia. Wazo lilianzia Japani, kwa Yumita na Umemura, mwaka 1989, na Phoenix kule Marekani wameshaanza kulijaribu kwa wagonjwa. Sauti inaiamshaje dawa ya mwanga? Wengine wanasema viputo vinavyoporomoka hutoa cheche ndogo za mwanga, wengine wanasema ni joto, wengine ni mtikisiko. Mimi pale ambapo wataalamu wana maelezo matatu huwa nasubiri wabaki na moja.

Haya ndiyo niliyomwambia wifi jikoni, kwa maneno machache kuliko haya. Kwamba mtu wa kwenye video hakuwa na ugonjwa wetu. Kwamba mambo yanayofanana na yale yapo, mengine kwa kuona, mengine kwa kufungua mlango, na mengi yako kwenye majaribio ambayo mgonjwa huchaguliwa, hailipiwi nafasi. Kwamba akitokea mtu anayeuza nafasi, amkimbie. Kwamba tumuulize daktari kama kuna jaribio ambalo kaka anastahili, na tumuulize mapema, kwa kuwa majaribio mengi hayampokei mtu aliyeshatibiwa kwa njia nyingi. Tuliuliza. Hakustahili. Uvimbe wake ulikuwa umevuka kwenda upande wa pili.

"Kiwanja usikiuze," nikamwambia.

"Sikiuzi," akajibu, huku anaosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Kaka yeye hakuwahi kuiona ile video, lakini alisikia habari zake, na jioni moja aliyokuja kunichukua kazini aliniambia, "Mdogo wangu, wewe kila siku unawatazama watu. Hebu nitazame na mimi."

Wagonjwa walikuwa wameisha. Nikamlaza. Mfupa wa fuvu una mahali pamoja pembamba, kwenye panja, mbele na juu kidogo ya sikio, ambapo kwa watu wengi sauti yetu ya kawaida inapita. Nikachagua upande wa kushoto, usio na kovu. Nikapaka jeli, akashtuka na baridi yake kama wote wanavyoshtuka. Nikahangaika na pembe ya probu, giza, giza, kivuli, kisha ukaja mshipa, rangi nyekundu nyembamba inayodunda. Nikafungua spika.

Ikasikika: shuu, shuu, shuu.

"Nini hiyo?"

"Damu yako. Inaelekea ubongoni."

Akanyamaza akisikiliza. Nilidhani amelala. Nilipotaka kuondoa probu akaushika mkono wangu, akasema niache kidogo.